Faili za Masikio

Mliniomba niwaandikie kumbukumbu zangu za kazini, kurasa chache za kuwasomea wageni wanaoingia masjala kwa mara ya kwanza. Mkuu wenu alinipigia simu akicheka, akasema, "Mzee, tuandikie tu zile za kutuinspire." Hizo sina. Nilicho nacho ni miaka thelathini na moja ndani ya chumba kimoja cha kiwanda cha taulo hapo Thika, chumba chenye dirisha linaloangalia choo cha wanaume, na katika miaka yote hiyo naona kuna jambo moja tu linalofaa kuandikwa. Linamhusu Wairimu, karani mwenzangu, aliyefukuzwa kazi na kuitwa msaliti kwa kosa ambalo halikuwa lake. Nitalifikia polepole, nikianzia mwanzo, kwa sababu mkilisoma bila mwanzo mtadhani lilikuwa kosa la mashine.

Nilitoka Bungoma na cheti cha kidato cha nne na suruali mbili. Mjomba alinipokea Kiuu, upande wa Githurai, katika chumba cha mabati ambacho mvua ikinyesha ilibidi tuache kuzungumza. Bado naishi Kiuu, siku hizi kwenye ploti ya mawe, na majirani waliopanga baada yangu wameshajenga kwao na kuhama. Hilo si muhimu. Siku yangu ya kwanza kiwandani nilikabidhiwa kwa Mama Rahab.

Mama Rahab ndiye aliyekuwa masjala yenyewe. Alivaa sweta ya kijivu hata Februari, na funguo alizifunga kiunoni kwa kamba ya kiatu. Hakuniuliza nimesomea nini. Alinipa kitambaa akaniambia nipanguze rafu zote, faili moja moja, na kila faili nisome jina kwa sauti.

"Na kama najua kusoma kimoyomoyo?" nilimuuliza.

"Mimi nitajuaje unasoma?" akasema. "Soma nisikie."

Nilisoma majina siku nne. Wiki ya pili alinifundisha habari ya kadi. Faili ya mfanyakazi ikitoka kwenye rafu, mahali pake panawekwa kadi nyekundu: namba ya faili, imechukuliwa na nani, imepelekwa wapi. Meneja akija mwenyewe na haraka zake, kadi iwekwe. Siku moja nilimpa mhandisi mkuu faili bila kuweka kadi, maana alikuwa amesimama juu yangu akigonga meza. Mama Rahab alipoona pengo kwenye rafu, alinisimamisha mbele yake mpaka faili iliporudi. Nilisimama saa mbili na nusu, nao watu wakiingia na kutoka wakinitazama. Nilimchukia sana siku hiyo. Tangu hapo sikusahau kadi.

Kompyuta zilipokuja, Mama Rahab alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, akasema hatazigusa, na hakuzigusa. Kazi ya kujifunza ikaniangukia mimi. Tulipelekwa semina ya siku moja katika ukumbi wa hoteli Ruiru, tukafundishwa na kijana aliyesema haraka mno, kana kwamba nje teksi ilikuwa inamngoja. Katika yote aliyosema nilishika kitu kimoja: kitufe cha kulia cha mausi. Ukibofya cha kushoto, mashine inafanya. Ukibofya cha kulia, mashine inakuuliza kwanza. Inakufungulia orodha ndogo ya yote unayoweza kuifanyia faili hiyo: kufungua, kunakili, kuhamisha, kufuta, kubadilisha jina. Mtu wa masjala hawezi kutopenda orodha kama hiyo. Nilikaa jioni nzima nikibofya kulia juu ya kila kitu, hata juu ya skrini tupu, nione itaniuliza nini.

Mimi ndiye niliyewafundisha wengine. Niliandika kwenye karatasi ya manila nikaibandika ukutani: "COPY ni salama. CUT fikiria. DELETE niite kwanza." Karatasi hiyo ilikaa miaka mingi, wengine wenu mmeiona. Haikusaidia sana. Kuna mkuu wa wafanyakazi, sasa ni marehemu, aliyefanya Cut kwa folda nzima ya likizo akaenda kuibwaga ndani ya picha za sherehe ya Krismasi, kisha akatangaza kwamba kompyuta imekula likizo za watu. Tulizitafuta siku mbili. Kuna mwingine kila faili yake aliiita "mpya". Walipokwama waliniita, nami nilikwenda, nikabofya kulia, nikatafuta Properties, nikaona faili ina ukubwa gani, inakaa wapi, ilizaliwa lini. Nilijulikana kwa kazi hiyo. Watu wa stoo walikuwa wakiniita Baba Properties. Naomba mkumbuke jina hilo mnapoendelea kusoma.

Siku niliyokutana na Create shortcut kwenye orodha ile, nilifurahi peke yangu mezani. Unabofya kulia juu ya faili, unachagua, na kinatokea kipicha kingine chenye mshale mdogo pembeni. Si faili. Kinasema tu faili iko wapi, na ukikifungua kinakupeleka huko. Kwangu hiyo ilikuwa kadi ya Mama Rahab, tena kadi inayotembea yenyewe. Bila kuagizwa na mtu nikaanza kuweka kadi za namna hiyo kila mahali. Faili inakaa kwenye mashine ya mwenzangu, na kwenye mashine yangu nina folda ya Masjala yenye kadi zote, jina kwa jina, kwa mpangilio wa herufi. Nilijivunia folda hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kwa mkono wangu.

Wairimu alikuja miaka mingi baadaye. Msichana wa Ngoliba, kwao wanalima mtama na kunde kwenye ule ukame, na alikuwa amepanga chumba Witeithie. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa, isipokuwa kusimamishwa. Ndani ya mwaka mmoja alinipita, na hakunifanya nijisikie nimepitwa. Akigundua kitu kipya aliniita, "Mzee wangu, kuja uone," kisha anajifanya anahitaji maoni yangu. Walimpa mashine yenye skana na nafasi kubwa. Ndipo faili za masikio zikawa kwake.

Kwa msio wa zamani: idara ya kufuma ina kelele ambayo ukitoka unaisikia bado ukiwa kitandani. Kila mwaka gari la kliniki lilikuja likaegesha karibu na kantini. Mfumaji anaingia, anavaa vidude masikioni, anabonyeza kitufe kila anaposikia mlio. Majibu yalitolewa kwenye karatasi ile ya kuteleza kama ya risiti, ambayo baada ya miezi inafifia na kubaki nyeupe. Kwa hiyo Wairimu alizipitisha zote kwenye skana zikiwa mbichi, kila mwaka, kila mtu, miaka sita. Na mimi, kwenye folda yangu ya Masjala, nikaweka kadi zake.

Mmoja wa wafumaji hao alikuwa Nekesa, mama wa Webuye, tuliyesali naye Kiuu. Alikuwa ameanza kuimba nyuma ya wengine kanisani kwa sababu hakusikia wimbo umeanza. Wafumaji kama yeye hawakudai makubwa. Walitaka wahamishwe kwenda idara ya kushona, kwenye utulivu, kabla masikio hayajaisha. Baada ya vikao vingi meneja alikubali: yeyote ambaye vipimo vyake vinaonyesha anazidi kushuka mwaka hadi mwaka atahamishwa. Vipimo vilikuwa kwa Wairimu. Kilichobaki ni kuviprinti.

Wiki hiyohiyo zililetwa mashine mpya. Za zamani zilikuwa zinafutwa zote ili zipewe shule fulani. Fundi alikuja Ijumaa na diski moja ya nje, akasema tumwekee humo tunachotaka kibaki. Wairimu hakuwepo, alikuwa Ngoliba kumzika nyanya yake. Alinipigia simu nikasikia watu wakiimba nyuma yake.

"Mzee wangu, ile folda ya masikio iko kwa mashine yangu, drive D. Tafadhali, ikopi yote kwa hiyo external kabla waformat."

"Nimekusikia. Wewe zika cucu. Usifikirie ofisi."

"Uko sure?"

"Wairimu, mimi ndiye nilikufundisha kukopi."

Meza yake ilikuwa hatua tano kutoka kwangu. Sikuiendea. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha Wairimu akila mandazi, na mimi nikajiambia, za nini kumwondoa mtu, wakati faili za masikio ninazo hapahapa, zimepangwa vizuri kuliko hata zilivyo kwake. Nikabofya kulia kwenye folda yangu, Copy. Nikaenda kwenye diski, nikabofya kulia, Paste. Ilikwisha kabla sijainua kikombe cha chai. Mtu aliyewahi kunakili picha za skana anajua zinavyojikokota. Vipimo vya miaka sita haviwezi kwenda kwa sekunde mbili, na ukiniuliza siku nyingine yoyote ningekwambia hivyo. Nilimwambia fundi, "Tayari." Akafuta mashine zote na kuzipakia.

Wairimu alirudi Jumatano. Meneja alikuja masjala mwenyewe pamoja na wawakilishi wawili wa wafumaji, wote wamesimama nyuma ya kiti cha Wairimu, nami nimekaa kwangu. Msichana akachomeka diski, akafungua folda, majina yote yakatokea. Mwakilishi mmoja akasema, "Ehe, hizo hapo." Wairimu akabofya la kwanza. Mashine ikasema kitu hicho hakipatikani. La pili, vivyo hivyo. Akabofya kulia, akafungua Properties. Kutoka mahali nilipokaa niliona: ukubwa kilobaiti moja, na chini yake anwani ya mashine ya zamani ya Wairimu. Nilijua papo hapo. Nilijua hata kabla hajafungua mdomo.

"Hizi si faili," Wairimu akasema. "Ni shortcut. Mtu amekopi shortcut."

"Shortcut ni nini?" meneja akauliza.

"Ni kama inaelekeza tu mahali faili iko. Faili zenyewe zilikuwa kwa mashine yangu. Nilimwomba mzee azikopi, nadhani alichukua folda yake."

Meneja akanigeukia. Naye alikuwa mtu wa kuitaita karani amfungulie barua pepe, hakujua lolote. "Mzee, ulikopi?"

"Nilikopi, bwana. Diski si ndiyo hiyo hapo?"

"Sasa hii mambo ya shortcut ni ukweli?"

Wairimu alinitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, alikuwa anangoja tu niseme.

Nikasema, "Mimi ni mtu wa faili za karatasi, bwana. Hizi za kompyuta wanazijua vijana."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Yule Baba Properties, aliyebandika manila ukutani, alisema hazijui. Nilikuwa nimebakiza miaka minne nistaafu, na nilimwogopa meneja yule, na hakuna sababu nyingine ninayoweza kuwapa. Meneja akaandika kwenye daftari lake.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Kliniki ya mwanzo ilikuwa imefungwa, na ile iliyoifuata ilisema haiweki nakala. Meneja alimfukuza Wairimu kwa uzembe, na kwa kuwa hakukuwa na vipimo, hakuna mfumaji aliyehamishwa. Kwa meneja mambo yaliishia vizuri kabisa. Huko kwenye idara ya kufuma ilisemekana kwamba msichana wa masjala alinunuliwa na wakubwa azifute. Walimzomea getini siku aliyokuja kuchukua vitu vyake. Nilimsaidia kubeba katoni mpaka barabarani, na hata hapo, tukiwa wawili tu, sikusema. Alinishukuru kwa kumbebea.

Jumapili iliyofuata Nekesa alinishika mkono nje ya kanisa akaniambia kwa sauti ya juu, maana alikuwa hajui tena sauti yake iko wapi, "Baba, huyo msichana alituuza." Watu wote walisikia. Nikamjibu, "Mungu anajua." Ilibidi nirudie mara mbili ndipo aelewe. Alifuma miaka mitatu zaidi, kisha akarudi Webuye.

Nami nikamaliza miaka yangu minne. Mlinifanyia sherehe, keki ilikuwa nzuri, mkanipa saa ya ukutani, na mkuu akasimama akasema kwamba mzee huyu katika maisha yake hakuwahi kupoteza faili hata moja. Mlipiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa aibu ya kukaa mikono mitupu. Usiku huo niliiweka saa chini ya kitanda ikiwa ndani ya karatasi yake, na niliona kwamba ninachukia kila mtu aliyekuwa kwenye chumba kile, nikianza na mimi.

Mwezi uliopita nilikwenda Witeithie. Niliambiwa Wairimu anauza chakula cha kuku, duka dogo lililo nyuma ya barabara kuu. Nilimkuta anapima.

"Mzee wangu," akasema, akatabasamu kwa moyo. "Umenikumbuka kweli? Keti hapo kwa gunia. Nikuitishie soda?"

Nilikataa soda. Nilikuwa nimejipangia maneno njiani lakini yote yalikimbia, nikasema tu, "Zile faili za masikio. Meneja aliponiuliza kuhusu shortcut, nilijua ni nini. Nilijua ni mimi."

Alimaliza kupima, akafunga mfuko, akampa mteja, akangoja mteja avuke mtaro.

"Ulijua ukikopi ama ulijua tukifungua?"

"Mlipofungua. Ulipoenda kwa Properties."

"Kwa hivyo kukopi ulikosea tu."

"Nilikosea tu. Kwa meneja ndiko nilidanganya."

Alipanguza mizani kwa kitambaa, ingawa haikuwa chafu. "Unajua mimi nimekutetea miaka hii yote?" akasema. "Mamangu alitaka kukuja kwako Kiuu na wajomba, wakuulize. Nikakataa. Nikawaambia huyo mzee haelewanga kompyuta vizuri, alijaribu kunisaidia akakosea, na aliulizwa kitu hajui akasema hajui. Hao wa kufuma wanapita hapa mbele wanaenda kununua duka la ng'ambo ya barabara. Mimi najiambia, sawa, lakini angalau mzee wangu hakunifanyia makusudi. Hiyo ndiyo nilikuwa nayo."

"Nisamehe, Wairimu."

"Mimi sijui kama nitakusamehe," akasema bila hasira. "Labda. Leo nimechoka. Yule mama wa kanisa lenu, Nekesa, bado anasema nilimuuza?"

"Alirudi kwao akisema hivyo."

"Na ulikuwa unamwona kila Jumapili."

"Kila Jumapili."

"Basi mpigie."

"Hasikii simu tena," nikamwambia.

Aliweka kitambaa chini. Nilidhani sasa atanifukuza, na ningeona ni haki. Lakini akasema, "Basi mwandikie. Na wale wa kiwanda waandikie pia. Weka jina langu, usiseme karani fulani."

Kwa hiyo nimeandika, na hizi ndizo kumbukumbu mlizoniomba. Msiziweke kwenye folda ya historia mkazisahau. Bandikeni ukurasa mmoja mlangoni mwa idara ya kufuma, wenye maneno haya tu: Wairimu hakufuta faili yoyote. Alimwomba mtu mzima azinakili, mtu huyo akanakili kitu kingine, akaulizwa mbele ya watu, akajua, akasema hajui. Mtu huyo ni mimi, yule mliyemwita Baba Properties.

Barua ya Nekesa niliituma kwa simu ya mjukuu wake, amwonyeshe asome mwenyewe. Jibu lilichukua siku tano. Mjukuu aliandika: "Kukhu amesoma mara mbili. Anauliza duka la Wairimu liko wapi hasa, anataka kuja akishauza mahindi." Nikamwelekeza, kituo cha kushukia na rangi ya mlango. Kisha nikamuuliza kama kukhu, nyanya yake, amesema lolote juu yangu.

"Hapana," akaandika. "Ameuliza duka tu."